UZI: Kumiliki na kutunza mashua ndogo ya zamani ya tanga ukiwa Moshi, mbali na bahari

#1 Demani_Moshi

Wakuu, salaam.

Tangu nilipotaja kwenye uzi mwingine kwamba nina mashua ya tanga na ninaishi Moshi, swali linalonijia inbox ni lile lile: unaiwekaje mashua ya mbao mahali pasipo na bahari, tena mashua iliyokuzidi umri? Nimeona nijibu hapa hadharani na kwa kirefu, maana naamini kwa dhati kwamba huku kwetu Kaskazini ni mahali pazuri pa kuweka chombo cha aina hii, na kwa mambo fulani tunawazidi hata wenzetu wa pwani.

Kwanza chombo chenyewe. Ni Mirror. Ilisanifiwa Uingereza mwaka 1962 na Jack Holt akishirikiana na Barry Bucknell, ambaye kwao alikuwa maarufu kwenye televisheni kwa kuonyesha watu kazi za ufundi wa nyumbani. Gazeti la Daily Mirror lilidhamini mradi, ndiyo asili ya jina na ya tanga lake jekundu. Iliuzwa ikiwa vipande kwenye boksi kwa paundi 63 na shilingi 11, ili mtu wa kipato cha kawaida aijenge mwenyewe gereji kwake. Zimeshajengwa zaidi ya 70,000. Urefu mita 3.3, upana mita 1.39, bodi ikiwa tupu kilo 45 na nusu. Watu wawili wanainua bila kuhema.

Jambo lililonifanya niipende kuliko aina nyingine ni mlingoti. Mlingoti wa Mirror ni mfupi, halafu foromali inasimama wima juu yake kubeba sehemu ya juu ya tanga. Ukishusha kila kitu, mlingoti, foromali na usukani vyote vinalala ndani ya mashua, hakuna kinachochomoza. Ndiyo maana niliweza kuileta kutoka Tanga kwa pikapu ya kawaida, kupitia Segera, Korogwe na Same, na ndiyo maana naweza kuitoa wikiendi yoyote bila kukodi lori.

Sasa utunzaji. Nitasema mapema lile ninalotaka mtu aondoke nalo hata akiishia hapa: mashua ya mbao haiozeshwi na maji inayoelea juu yake. Inaozeshwa na maji ya mvua yaliyotuama ndani yake. Kuoza kwa mbao ni kazi ya kuvu, na kuvu wanataka maji baridi (yasiyo na chumvi), hewa na muda. Maji ya chumvi huwazuia. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 hawakui kabisa. Kwa hiyo mashua iliyoachwa uani imetazama juu, masika ya Machi mpaka Mei ikainyeshea, majani ya mparachichi yakaziba tundu la kutolea maji, hiyo imeshakufa hata kama haijagusa ziwa mwaka mzima. Na mashua inayolowana kila Jumamosi lakini ikarudi ikakaushwa, inaishi miaka na miaka.

Yangu inakaa kifudifudi chini ya banda la bati lisilo na kuta, juu ya stendi mbili za mbao, omo (sehemu ya mbele) imeinuka kidogo. Nguruzi, kile kizibo cha tundu la kutolea maji, imetolewa. Mirror ina vyumba vya hewa vilivyofungwa mbele, nyuma na pembeni, ili ikipinduka isizame. Vifuniko vyake vyote huwa wazi muda wote mashua inapokuwa nchi kavu, hewa ipite. Ukivifunga, unyevu ulioingia kwa jasho la usiku unabaki humo humo na kuoza kunaanzia ndani usikokuona. Miguu ya stendi iko ndani ya makopo yenye oili chafu kwa ajili ya mchwa. Hilo la mchwa watu wa pwani hawalifikirii sana, sisi hatuna budi.

Adui wa pili ni jua. Kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, mionzi inayounguza huongezeka kwa takribani asilimia 10. Sisi wa Moshi tuko kati ya mita 700 na 950, Arusha wako kama 1,400. Vanishi inayodumu miaka miwili mahali kwingine, huku inachanika mapema zaidi, na ikishachanika maji yanaingia chini yake na mbao inakuwa nyeusi. Kwa hiyo: kivuli. Banda la bati ni vanishi bora kuliko vanishi.

Maswali karibuni, nitaendelea na matengenezo.

#2 Chalii_wa_Njiro

Mangi, hongera sana, hii mada nilikuwa naisubiri. Mimi niko Arusha. Mawili: maji unayapata wapi? Duluti si padogo mno? Na pili, kwa nini ujisumbue na mbao wakati kuna za faibaglasi ambazo haziozi?

#3 Demani_Moshi

Asante ndugu yangu.

Maji yangu ni Nyumba ya Mungu, kama kilomita 50 kusini mwa Moshi. Ni bwawa lililojengwa miaka ya 1960, pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana na kuanza Mto Pangani, na linazalisha umeme megawati 8. Kwa kuwa ni bwawa la umeme, kina chake kinapanda na kushuka, hivyo mahali uliposhushia mashua mwezi fulani, mwezi mwingine ni tope tupu. Nenda kwanza bila mashua ukaangalie. Ongea na uongozi wa kijiji na wavuvi, wao ndio wenye kujua mamba na viboko wako upande gani, na nyavu zimetegwa wapi. Nyavu ni riziki ya mtu. Ukiona boya la kopo au chupa, zunguka mbali, na vuta juu ule ubao wa katikati (unaoshuka majini kuzuia mashua isisukumwe upande) kama huna uhakika. Kichocho nacho kipo kwenye maji ya namna hii, usikae umesimama majini ukipiga soga kwenye majani ya ukingoni; ingia, sukuma, panda.

Asubuhi upepo ni mdogo, mchana unaamka, na alasiri unaweza kuwa mkali kwa mtu anayejifunza. Ninashusha mapema.

Duluti ni pazuri kwa macho na kwa makasia, lakini ni ziwa la kasoko (shimo la volkano) lililozungukwa na msitu wa hifadhi ulio chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Huwezi kuingiza chombo chako bila ruhusa yao, na miti inakata upepo, unaupata vipande vipande kutoka kila upande. Chala ni refu kwa kina na kuta zake ni mwinuko mkali, sahau kushusha mashua. Jipe lina matete na magugu mengi, ubao wa katikati unanasa. Na mara chache, kwenye kipindi cha kaskazi, naipeleka Tanga. Ikirudi kutoka baharini inaoshwa yote kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, skrubu na kapi zote, ndipo ikaushwe.

Kuhusu faibaglasi: nazo zina magonjwa yake, ila kweli zinavumilia uzembe zaidi. Mimi nimechagua plaiwudi kwa sababu kila sehemu ya mashua hii fundi seremala wa Moshi anaweza kuielewa kwa kuitazama. Randa, patasi, msumeno, msasa. Hakuna kinachoagizwa nje isipokuwa gundi nzuri, na kitambaa cha tanga siku likichakaa.

#4 Hela_Ngumu

Samahani kwa kuuliza hivi, ila hela ya kuikarabati hiyo si ungenunua bodaboda ikuingizie? Mashua ya kustarehe kwa Mtanzania wa kawaida naona ni anasa.

#5 Demani_Moshi

Ni swali la haki mkuu. Nilichotumia mwaka mzima ni kidogo kuliko wanachotumia marafiki zangu kwenye magari yao ya wikiendi, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye gundi ya epoksi. Nyingine ni msasa, rangi na jasho. Lakini sitaki kuitetea kwa hesabu. Vijana wetu wa mlimani wengi wanakua bila kujua kuogelea wala kusoma upepo, na wanayo maji makubwa saa moja na nusu kutoka nyumbani. Wanangu wanajua kufunga fundo lisiloachia na wanajua upepo unatoka wapi kabla sijawauliza. Hilo kwangu lina thamani yake.

#6 Mzee_wa_Tongoni

Nimeupitia uzi huu, nimefurahi. Mimi ni mtu wa mashua tangu utotoni, upande wa Tanga. Ningependa kutia neno, kwa kuwa kuna watu watasoma hapa waende wakanunue dau kuukuu wafanye kama alivyofanya bwana huyu, watajuta.

Chombo cha mbao nzito zilizounganishwa kwa misumari juu ya mataruma (mbavu za chombo), kikae majini. Ukikiweka juani miezi, mbao zinasinyaa, zinaachana, utapitisha kidole. Ukikirudisha kitavuja siku nyingi mpaka mbao zivimbe zibanane tena, na pengine hapo katikati kimezama. Chombo cha namna hiyo kinataka kukalafatiwa (kuzibwa mianya) kwa pamba na mafuta, kinataka sifa (mafuta ya papa) ndani na deheni (chokaa na mafuta) chini kwa ajili ya wadudu wanaotoboa. Kukipandisha Moshi ni kukiua.

Hicho chake ni cha plaiwudi, hakina mshono wa kuachia. Ndiyo maana kinastahimili ukavu. Lakini nina swali, mwanangu: plaiwudi ikishaoza katikati ya tabaka, unafanyaje? Sisi ubao ukioza tunang'oa tunatia mwingine. Hapo huna cha kung'oa.

#7 Demani_Moshi

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana, hilo la dau nilipaswa kuliweka mwanzo kabisa. Wakuu, msome #6 mara mbili.

Swali lako ndilo kiini cha matengenezo yote ya mashua hizi. Plaiwudi iliyooza haiponi kwa kupakwa kitu. Kuna watu wanamimina gundi nyepesi juu ya mbao laini na kuamini imekuwa ngumu. Inakuwa ngumu juu, chini kuvu wanaendelea. Inakatwa. Unakata mpaka ufike kwenye mbao safi yenye rangi yake na unaongeza kidogo ndani ya hiyo safi.

Kipande kipya kinaungwa kwa mteremko: kingo za pande zote mbili zinachongwa kwa randa ziwe nyembamba kama ulimi, urefu wa mteremko ukiwa mara nane ya unene wa mbao. Kwa plaiwudi ya milimita 5 ni milimita 40. Ukiunga hivyo kwa epoksi, kiungo kinajikunja pamoja na mbao nyingine, hakiachi kigongo wala mahali dhaifu. Seremala niliyemwonyesha hapa Majengo alielewa papo hapo, ingawa kwenye fanicha haungi hivyo mara nyingi.

Plaiwudi yenyewe uwe makini. Nyingi zinazouzwa madukani ni za dari na makabati, gundi yake si ya kustahimili maji. Kata kipande kidogo, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikaushe, ukichemshe tena. Kikifunguka matabaka, hiyo ni ya kabati. Kisipofunguka, angalia kingo zake kama kuna mapengo ndani. Pengo ni chumba cha maji.

Epoksi ina adabu zake. Uwiano wa gundi na kigumishi ni ule ulioandikwa na mtengenezaji, upime kwa mizani ndogo ya jikoni, usikisie na usiongeze kigumishi ili ikauke haraka. Haitakauka haraka, itabaki inanata. Kwenye joto la Moshi inaganda upesi, na ukiiacha nyingi kwenye kopo inajichemsha yenyewe hadi kutoa moshi. Changanya kidogo, mimina kwenye sahani pana. Paka jioni wakati joto linashuka: hewa iliyo ndani ya mbao inasinyaa na kuvuta gundi ndani. Ukipaka asubuhi, jua likipanda hewa inatanuka na kukutolea mapovu uso mzima. Ikishakauka, ioshe kwa maji na kitambaa kabla ya msasa, maana inaacha utando kama nta unaozuia rangi kushika. Na epoksi haipendi jua hata kidogo, lazima ifunikwe kwa rangi au vanishi.

Glavu na barakoa. Vumbi la epoksi ambayo haijamaliza kukauka linaweza kukuletea mzio wa maisha, na ukishaupata hutagusa gundi hiyo tena.

Mlingoti na foromali: ya asili ikivunjika, huku tuna saipresi kutoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro. Chagua ubao usio na fundo, nyuzi zimekwenda moja kwa moja, upasue katikati, ugeuze nusu moja, uziunge tena. Zikitaka kupinda, kila moja inazuia mwenzake.

#8 Mshona_Mahema

Habari zenu kaka zangu. Mimi nashona mahema ya safari hapa Arusha, sijawahi kupanda mashua ya tanga, ila nimeletewa matanga mawili matatu kushona na ningependa kuwaambia mnachokosea mnapoyaleta.

Mnaleta likishachanika. Kitambaa cha tanga kwa kawaida bado kina uhai, kinachokufa kwanza ni uzi, kwa sababu uko juu ya kitambaa na jua linaupiga moja kwa moja. Chukua ukucha, kwangua mshono. Uzi ukikatika kwa ukucha tu, leta lote lishonwe upya kabla halijapasuka; kushona juu ya mshono wa zamani ni kazi ya nusu siku, kuweka kiraka kwenye mpasuko ni kazi nyingine kabisa. Tunatumia uzi wa poliesta nene uliotengenezwa kwa kukaa juani, ule ule wa mahema, na mshono wa kwenda upande huu na huu ili ukivutwa unyooke bila kukatika. Kona zile zenye pete za chuma, mashine haipenyi tabaka zote, huko ni sindano na dofra (kinga ya kiganja ya kusukumia sindano) kwa mkono.

Na msilikunje mahali pale pale kila siku. Livingirisheni.

#9 Demani_Moshi

Dada yangu, umenisaidia hata mimi, sikuwa najua hilo la uzi wa mahema. Na hapa ndipo ninaposema Kaskazini tumebarikiwa. Utalii umetuletea mafundi ambao pengine hawajui kwamba wanaijua kazi ya mashua. Washona mahema wana mashine nzito na uzi wa juani. Karakana za Arusha zinazotengeneza bodi na mapaa ya magari ya utalii zinafanya kazi ya faibaglasi kila siku. Maseremala wa mlimani wanajua mbao laini na ngumu. Ninachofanya ni kuwabebea kipande mkononi na kueleza kinafanya kazi gani.

Nyongeza kwenye tanga: nikirudi nalifungua lote kivulini likauke, na jarari (kamba ya kupandishia tanga) na demani (kamba ya kulivutia) nazitundika zikiwa zimelegea. Tanga likipigapiga kwenye upepo bila kuvutwa linajiua lenyewe, kwa hiyo ukifika ufukweni shusha.

#10 Chalii_wa_Njiro

Nimekwisha nasa. Sasa kuna mtu anauza Mirror ya zamani, imekaa kwake muda mrefu. Nikienda kuiona niangalie nini? Na je, lazima isajiliwe?

#11 Demani_Moshi

Chukua bisibisi, tochi na kitambaa. Usitazame rangi, rangi mpya kwenye chombo cha zamani kinachouzwa inanitia wasiwasi kuliko rangi iliyobanduka.

Anza shetri, ubao wa nyuma pale usukani unapofungwa, maana skrubu zimepita na maji yanafuata skrubu. Gonga kwa mpini wa bisibisi kuanzia mahali unapoamini ni pazima, usikilize. Mbao nzima inalia kwa sauti kavu, iliyooza inajibu kwa sauti nzito isiyo na mwangwi. Ukisikia imebadilika, bonyeza kwa ncha. Ikizama, hapo ni pa kukata. Kisha kile chumba chembamba ubao wa katikati unamopita, kingo zake za chini, ambako maji yanabaki na brashi ya rangi haifiki. Kisha mguu wa mlingoti. Kisha pembe za chini kabisa ndani ya vyumba vya hewa, ingiza mkono na tochi, nusa. Harufu ya uyoga usiipuuze. Angalia pia utepe wa faibaglasi kwenye mishono, pale vipande vya plaiwudi vinapokutana: ukiweza kuunyanyua kwa kucha umeachia, lakini huo si msiba, unabanduliwa na kuwekwa mwingine kwa epoksi, ambayo inashika mbao kuukuu vizuri kuliko rezini ya poliesta waliyotumia zamani.

Kupima kama vyumba vya hewa vinavuja, paka povu la sabuni kwenye mishono yote, ingiza mpira kwenye tundu, mtu apulize kwa mdomo. Kwa mdomo. Kompresa ya gereji itaipasua.

Skrubu za shaba ya njano zikishakaa baharini miaka mingi hupoteza zinki, zinageuka waridi na kukatika kama chaki. Ukiziona hivyo hesabu kuzibadilisha zote.

Usajili: vyombo vidogo vya majini vinakaguliwa na kusajiliwa na TASAC (shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini), kwa hiyo waulize kabla ya kulipa, na mwombe muuzaji karatasi zozote alizonazo. Jaketi okozi kwa kila anayepanda, la mtoto liwe la size ya mtoto, na livaliwe, lisikaliwe. Weka upo (chombo cha kuchotea maji) ndani ya mashua umefungwa kwa kamba, pamoja na kasia hata kama upepo ni mzuri.

Bei usikubaliane nayo siku hiyo. Kama nyuma na chumba cha ubao ni vizima, tanga likichoka au foromali ikivunjika si sababu ya kuiacha, hivyo vinatengenezeka hapa hapa. Ikiwa mbao zimeoza pande zote mbili za chumba cha ubao, mwachie.

#12 Mzee_wa_Tongoni

Na aangalie usukani na kana yake (mpini wa kuugeuzia) pia. Watu husahau, kisha wanakatikiwa katikati ya maji.

#13 Demani_Moshi

Kweli kabisa mzee. Chalii, pini za usukani na kana ziangalie kwa kuzivuta kwa nguvu, si kwa macho. Ukiinunua nijulishe, nina vipimo vya vipande vyote vya kuunga na nitakuja nayo mizani ya gundi. Njoo na msasa namba 80 na 120 wa kutosha, na uanze kujenga banda kabla mashua haijafika, maana vuli haiko mbali.